Nilimpa mtoto sifuri kwa sababu ya tambi

Jamani wadogo zangu mliokuja BTP, mazoezi ya kufundisha, huku Lindi, nawapenda ila mtaniua na presha. Juzi mmoja wenu kaingia kidato cha pili na projekta, kifungu cha ufahamu katungiwa na ChatGPT usiku, kinasema Wareno ndo waliojenga Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Na darasani kuna watoto wa Kilwa Masoko! Wareno wameuteka mji ule 1505, msafiri Ibn Battuta alishapita 1331 akawakuta watu na swala zao. Watoto kimya, maana mwalimu kasema.

1. Usiingie na kitu hujakihakiki. Mimi lilinikuta kubwa zaidi. Mgeni kazini, nina laptopu na spika yangu najiona mimi ndo mimi, kwenye grupu la walimu wa Kiingereza ikatumwa klipu ya BBC ya zamani, haina rangi, Mzungu anasimulia taratibuu kila neno unalidaka, nikasema zoezi la kusikiliza ndo hili. Inaonyesha familia kusini mwa Uswisi inavuna spageti mtini, akina mama wanazichuma wanazianika juani. Mimi tambi nimezijulia dukani, nikajua labda kwao zinaota. Nikatunga maswali kumi. La nne: kwa nini mavuno ni mazuri? Jibu, mdudu anayeshambulia spageti ametoweka. Kijana mmoja, kwao wana mikorosho Ruangwa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, wao hawapulizii salfa?" Nikamjibu, tena kwa kujiamini, kwamba Uswisi hakuna ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho. Mungu anisamehe. Binti wa dawati la mbele akaruka maswali yote akaandika sentensi moja tu: "Sir, spaghetti is made from flour." Nikampa sifuri. Na wino mwekundu juu, ajibu kutokana na alichosikia!

Mwalimu wa Jiografia ndo akanifumbua macho, huku anacheka mpaka chai inamwagika. Ile ilirushwa 1 Aprili 1957, kipindi cha Panorama, siku ya wajinga, na Waingereza wenyewe walipiga simu kuulizia namna ya kupanda, wakajibiwa wachomeke tambi kwenye kopo la sosi ya nyanya waombe heri. Usiku ule sikulala. Kesho yake nikaomba radhi mbele ya darasa, nikaicheza klipu ileile na maswali matatu: nani anaongea, lini, tunajuaje? Watoto ambao hata "present" walikuwa wanaitikia kwa kunong'ona wakabishana kwa Kiingereza kibovu kitamu mpaka kengele ikagongwa hakuna anayetoka.

2. Pakua kila kitu nyumbani. Umeme na bando havina adabu.

3. Simu wanafunzi hawaruhusiwi, kwa hiyo printi skrinshoti, moja kwa kila kikundi. Yale matangazo feki ya ajira yanayozunguka WhatsApp ni mali, waambie wasake makosa ya spelingi na nani kasaini, sarufi inaingia yenyewe bila kuitwa.

4. ChatGPT itumie, sijakataza, ila tarehe na majina kagua mwenyewe. Halafu ukikosea mbele ya darasa, kasahihishe mbele ya darasa, siyo kuvizia daftari moja moja. Yule binti nilifuta sifuri nikampa kumi kwa kumi, ameshamaliza shule siku hizi, na tukikutana sokoni lazima asimame, tena kwa adabu zote: "Shikamoo mwalimu, mnada wa tambi mwaka huu kilo bei gani?"