Mkuu, simamisha hiyo oda ya barakoa leo hii

Nimesoma mpango wako mara mbili. Mafundi 12 wa kukata na kung'arisha mawe ya kaunta, katoni za barakoa za karatasi, feni mbili kubwa za ukutani, bonasi kwa kila mwezi usio na ajali, kisha kamati na sanduku la huduma ya kwanza. Kwa mpango huo utaua watu huku risiti zako zote ziko sawa.

Vumbi la jiwe lina silika, madini yanayoharibu mapafu. Marumaru ina kidogo, graniti inaweza kukaribia nusu, na kwatsi ya kiwandani (jiwe la kutengenezwa kwa kwatsi iliyosagwa na gundi), hiyo inayong'ang'aniwa na wateja wa kaunta, nyingi huzidi asilimia 90. Australia waliipiga marufuku kuanzia 1 Julai 2024, na si kwa sababu ya rangi zake. Chembe zinazofika chini kabisa kwenye mapafu ni ndogo kuliko mikroni 10, yaani sehemu ya mia ya milimita, jicho halizioni. Fundi akisema "vumbi limetua, tuendelee", ujue kilichotua ni kile ambacho pua ingekizuia. Kingine bado kinaelea. Marekani kikomo cha silika kwenye hewa ya kazini ni mikrogramu 50 kwa mita moja ya ujazo, wastani wa saa 8. Silikosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu unaoletwa na vumbi hilo, haiponi, na kifua kikuu humpata kirahisi mwenye mapafu hayo.

Sasa barakoa. Ile ya karatasi hewa inapita pembeni, mashavuni na puani, kwa hiyo anachovaa fundi ni pambo. Hata N95 halisi, ile barakoa ya kuchuja chembe ndogo, iliyopimwa usoni na kukaa sawasawa, inahesabiwa kupunguza vumbi mara 10 tu. Grainda kavu inaweza kuzidi kikomo zaidi ya mara 10, basi piga hesabu mwenyewe. Ndevu za siku mbili zinavujisha. Jasho likianza kutiririka fundi anaishusha kidevuni, na mchana wote inalinda kidevu.

Halafu wanakuja hao washauri na makabrasha yao mazito yenye picha ya kofia ngumu kwenye jalada, ukurasa wa kwanza: barakoa. Kwa nini? Kwa sababu barakoa ndiyo wanayouza, tena utanunua kila mwezi. Mpira wa maji hauna kamisheni. Najua kuna watakaosema nina ugomvi binafsi na barakoa. Ninao.

Kanuni ni moja: vumbi lifie kwenye diski, kabla halijaingia hewani. Msumeno uwe na maji yanayopiga diski yenyewe, pande zote mbili, si yanayomwagikia kinga yake. Kwa msumeno wa mkononi mwongozo wa Uingereza unataka angalau nusu lita kwa dakika. Maji yafunguliwe kabla diski haijagusa jiwe. Kila asubuhi angalia nozeli, maana tope huziba tundu moja na upande huo unaanza kutoa moshi mweupe, ukiuona, zima. Kung'arisha nako kuwe kwa maji, kwa mashine za upepo wa kompresa. Ukilazimika kutumia za umeme, weka swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30, la sivyo umeondoa silikosisi ukaleta shoti.

Tope lisombwe likiwa bichi. Likikauka ni vumbi lile lile, safari hii liko chini ya viatu vya kila mtu. Usifagie kavu, usipulize sakafu wala nguo kwa kompresa. Maji unayoyazungusha upya yachuje, vinginevyo unawanyunyizia mafundi chembe za jana.

Pasipofaa maji, fyonza. Mdomo wa bomba ukae pale pale vumbi linapotoka: kwa bomba la kipenyo cha sentimita 15, ukiusogeza nyuma sentimita 15 tu, kasi ya hewa inayovutwa inabaki kama sehemu ya kumi. Ndiyo maana zile feni zako ni balaa. Haziondoi vumbi, zinamgawia hata karani wa ofisini.

Barakoa nzuri inakuja baada ya hayo yote, mfano wakati wa kubadilisha mfuko wa mashine ya kufyonza.

Bonasi ifute. Inawafundisha watu kuficha kidole kilichokatika hadi tarehe moja, na silikosisi haimo kwenye hesabu yake kabisa, kwa kuwa kwa kawaida huchukua miaka kujitokeza. Ubao utasomeka ajali sifuri huku vifua vinaoza. Hizo fedha wapimie mafundi X-ray ya kifua na nguvu ya pumzi kabla hawajaanza kazi, upate cha kulinganisha baadaye.

Misumeno uliyonayo ina tundu la kuingizia maji au ni ya kavu tupu? Weka picha ya kinga ya diski hapa.