Mtoto wangu hasikii: nimfundishe ishara za Kiswahili au za Kifaransa?

SWALI: Mwalimu, mtoto wangu ana miaka minne na hasikii. Hapa Kadutu nyumbani tunaongea Kiswahili na Mashi, shuleni ni Kifaransa. Akitaka bugali anakunja vidole kama anayefinyanga tonge. Baba yake anamwita kwa kushika kidevu. Jirani ananiambia shule ya viziwi inafundisha ishara za Kifaransa, zitamtenga nasi. Je, hakuna ishara za Kiswahili? Na serikali inaitambua lugha hiyo? (Mama wa Kadutu, Bukavu)

JIBU: Mama, umefanya vizuri kuuliza sasa. Watoto wengi ninaoletewa wamefika miaka tisa au kumi bila lugha yoyote, na hapo kazi inakuwa ngumu sana.

Jirani amekosea. Lugha ya ishara si Kifaransa wala Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Tazama Kenya na Tanzania: nchi zote mbili zinaongea Kiswahili, lakini viziwi wao wana lugha mbili tofauti za ishara. Ishara tunazotumia huku zilitokana kwa sehemu kubwa na za Marekani. Zililetwa na Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyekuwa kiziwi mwenyewe. Alianza na shule Ghana mwaka 1957, akaendelea kufungua nyingine katika nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo, hadi alipofariki 1987 ndege ilipoanguka hapo jirani, Rwanda. Kwa kuwa shule zetu zinasomesha kwa Kifaransa, herufi za vidole huandika maneno ya Kifaransa, na ndiyo sababu watu wanaziita ishara za Kifaransa. Lakini sarufi yake ni ya kwake. Jambo lililopita mkono hulielekeza nyuma ya bega, lijalo hulielekeza mbele. Ukiinua nyusi, sentensi ileile inageuka swali. Anayetazama mikono tu bila uso hupoteza nusu ya maneno.

Ile ishara ya tonge, usimkataze hata siku moja! Ameitunga mwenyewe, na ni akili hiyo. Ila kwa ishara za nyumbani hawezi kukuuliza kwa nini shangazi hakuja jana, wala kukueleza nani alimpiga njiani. Anahitaji lugha kamili, na anaipata kwa viziwi wenzake, watoto na wakubwa. Kiswahili na Kifaransa atavisoma baadaye kwa maandishi, vikiegemea lugha ambayo tayari anayo kichwani. Kumnyima ishara ukingoja aanze kusema kwa mdomo ni kumpotezea miaka ambayo ubongo wake unashika lugha kwa urahisi zaidi. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote katika kazi hii.

Kuhusu serikali: Katiba yetu ya Kongo ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa. Ya ishara haimo. Kenya waliiingiza kwenye Katiba yao ya 2010, hata bungeni ni lugha rasmi. Afrika Kusini waliifanya lugha rasmi ya 12 mwaka 2023. Sisi tulijiunga mwaka 2015 na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, unaotaka lugha za ishara zitambuliwe na kufundishwa, na tangu Mei 2022 tuna sheria yetu ya kuwalinda watu hao. Ukifukuzwa mahali kwa sababu ya mtoto, taja sheria hiyo bila woga.

Kutengana kweli kutakuja ikiwa yeye atajifunza na ninyi mbaki nyuma. Kwa hiyo mkampeleke pamoja kwenye shule ya viziwi, wewe na baba yake, na kaka zake wakiweza. Kila jioni mwombe akufundishe ishara tatu alizopata. Na umeme ukikatika, weka taa mbele yako imulike uso na mikono yako, usiiweke nyuma yako, maana gizani mtoto huyu hana namna ya kukusikia.