Kibali cha kucheza soka England: maswali yenu

Mdogo wangu ni kiungo tegemeo wa timu ya Ligi Kuu Bara. Kwa nini klabu za England hazimchukui? (Tabora)

Hata zikimpenda, kwa njia ya kawaida kibali hakitapatikana. Tangu Januari 2021, baada ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya, kila mchezaji kutoka nje, awe Mtanzania au Mfaransa (ukiacha raia wa Ireland), sharti kwanza aidhinishwe na chama cha soka cha England, FA. FA huhesabu alama, na zinazotakiwa ni 15. Hutokana na mechi za timu ya taifa, dakika alizocheza kwenye ligi na mashindano ya bara, nafasi ya klabu yake kwenye msimamo, na ubora wa ligi anayotoka.

Hapo kwenye ubora wa ligi ndipo wetu wanapokwama. Ligi zimepangwa madaraja 6. Hispania, Ujerumani, Italia na Ufaransa zimo daraja la kwanza, ambalo hutoa alama 12 kwa ubora peke yake. Ureno, Uholanzi na Ubelgiji zimo la pili, alama 10. Ligi za Tanzania na Kenya zimo la 6, alama 2. Acheze kila dakika, abebe na ubingwa, bado hafiki 15.

Kuitwa Taifa Stars hakusaidii? (Dodoma)

Kuitwa hakuhesabiwi, kinachohesabiwa ni kucheza, tena mechi za ushindani. Za kirafiki hazimo. Nchi iliyo nafasi ya 1 hadi 10 kwenye viwango vya FIFA, mchezaji wake hupita moja kwa moja bila kuhesabiwa alama akiwa amecheza asilimia 30 ya mechi hizo; ya 11 hadi 20, asilimia 40; ya 21 hadi 30, asilimia 60; ya 31 hadi 50, asilimia 70. Kuanzia ya 51, waliko Tanzania na Kenya, mlango huo haupo.

Hesabu huangalia miezi 24 iliyopita. Kosa linalowaumiza wengi ni kupuuza cheti cha daktari. Tuseme nchi ya 25 imecheza mechi 20: mchezaji anahitaji 12. Kama alikosa 4 kwa majeraha na ana ushahidi wa kitabibu, asilimia yake inapigwa kwa mechi 16 badala ya 20, naye atahitaji 10. Bila karatasi, hizo 4 zinamhesabia kama alikaa benchi.

Mbona Samatta wa Tanzania alipita na Mariga wa Kenya akakwama? (Mombasa)

Wote wawili walikuwa chini ya kanuni za zamani. Dili la Mariga na Manchester City lilivunjika Januari 2010 katika sakata la kibali, kwa kuwa Kenya haikuwa ndani ya nafasi 70 za FIFA. Akaenda Inter Milan. Samatta alijiunga na Aston Villa Januari 2020 baada ya TP Mazembe ya Kongo na miaka 4 Genk ya Ubelgiji, ambako alichukua ubingwa wa Ubelgiji na kufunga Anfield, uwanja wa Liverpool, kwenye Ligi ya Mabingwa. Victor Wanyama wa Kenya naye alipitia Sweden, Ubelgiji na Scotland kabla ya Southampton. Kwa kanuni za leo njia hiyo ina thamani zaidi: misimu miwili ya kucheza kila wiki Ubelgiji inashinda miaka 10 ya kusubiri simu kutoka London.

Asiyefikisha 15 hana njia kabisa? (Kigoma)

Ipo, nyembamba. Tangu 2023 klabu za Ligi Kuu ya England na Championship (daraja la pili) zinaweza kuwa na wachezaji wa namna hiyo hadi 4, na za League One na League Two (la tatu na la nne) hadi 2. Idadi hutegemea dakika ambazo klabu inawapa wachezaji wa England, kwa hiyo wakala aulize mapema kama nafasi imebaki.

Wakala anadai milioni 6 ampeleke mwanangu wa miaka 16 kwenye majaribio. Nilipe? (Mwanza)

Usilipe, mama. Kanuni za FIFA haziruhusu klabu ya England kumsajili mtoto kutoka nje kabla hajatimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, mfano wazazi wamehamia huko kwa mambo yasiyohusu soka. Viza ya mgeni inaruhusu majaribio yasiyo na watazamaji waliolipa kiingilio, lakini hayaishii kwenye mkataba. Tafuta jina la wakala huyo kwenye orodha ya mawakala wenye leseni katika tovuti ya FIFA, kisha ipigie klabu yenyewe kwa namba iliyo kwenye tovuti yake, siyo iliyoandikwa kwenye barua aliyokuletea. Pasipoti ya mtoto ikae kwako.

FA ikishaidhinisha, kinafuata nini? (Nairobi)

Klabu hutoa hati ya udhamini, na ombi la viza lazima liingie ndani ya miezi 3. Mtanzania au Mkenya anayekwenda kwa zaidi ya miezi 6 hupimwa kifua kikuu. Mkataba ukizidi miezi 12, huhitajika pia Kiingereza cha ngazi ya A1, ngazi ya chini kabisa. Viza huchukua kama wiki 3. Kipimo na mtihani wa lugha vifanywe wakati mazungumzo yanaendelea, maana dirisha la usajili halisubiri majibu ya maabara.