Rogan josh haitaki haraka

Mara ya kwanza nilipojaribu kupika rogan josh, ule mchuzi mwekundu wa nyama wa Kashmir, nilikaanga vitunguu vitatu, nikatia kitunguu saumu na nyanya zilizosagwa, nikapata mchuzi mzuri usio na tofauti yoyote na ule ninaoupika kila Jumapili. Jirani yangu, mama wa Kihindu ambaye ukoo wake ulitoka Kashmir, alionja kijiko kimoja akasema kwa upole kwamba chakula ni kitamu, ila hajui kinaitwaje.

Kwao Wapandit, yaani Wahindu wa Kashmir, alinieleza, sufuria ya rogan josh haiingii kitunguu wala kitunguu saumu, na badala yake hutiwa mvuje. Waislamu wa Kashmir hutumia kitunguu saumu na vitunguu vidogo viitwavyo praan, na wapishi wao wa karamu ya wazwan huongeza wekundu kwa maji ya ua la mawal. Nyanya haina kazi katika mapishi hayo ya zamani, kwa sababu uchachu unatoka kwenye mtindi na rangi inatoka kwenye pilipili ya Kashmiri, ambayo ni nyekundu sana lakini haichomi sana. Ukiikosa, usijaze pilipili yetu ya kawaida kwa kipimo hichohicho, maana hutaweza kula. Changanya kidogo yake na paprika.

Nguzo mbili za ladha ni unga wa shamari na unga wa tangawizi kavu. Hapa nawaonya wenzangu, kwa kuwa niliwahi kuuziwa bizari nyembamba nilipoomba shamari, nikagundua baada ya kusaga. Punje ya shamari ni nono kidogo, ina ukijani, na ukiitafuna inaacha utamu mdomoni. Bizari nyembamba ni ya kahawia na ina uchungu kwa mbali. Tangawizi mbichi nayo haishiki nafasi ya kavu. Kuhusu mvuje, najua wengi wetu wa pwani tunaufahamu kama dawa ya kuwafungia watoto dhidi ya jicho baya, na harufu yake mbichi inatisha kweli, lakini kipande kisichozidi kichwa cha njiti ya kiberiti, kikiyeyuka katika mafuta ya moto, kinageuka kuwa kitu kinachokaribia harufu ya kitunguu kilichokaangwa.

Kashmir wanapendelea kondoo. Mimi hutumia kilo moja ya bega la mbuzi pamoja na mifupa yake, vipande vikubwa kiasi cha nusu ngumi, kwani steki isiyo na mfupa hukauka kabla mchuzi haujawa mchuzi.

Pasha vijiko vikubwa 6 vya mafuta ya haradali mpaka yafuke moshi mwepesi na rangi yake ipauke, kisha uyaepue yapoe kidogo. Bila hatua hiyo ukali wake utakwama kooni. Rudisha jikoni, tia mvuje, karafuu 5, iliki nyeusi 2, iliki za kijani 4 na kijiti cha mdalasini, halafu nyama, na uikaange mpaka ishike rangi ya kahawia. Vijiko vya chai 3 vya unga wa pilipili vikoroge kwanza katika maji kidogo ndipo uvitie kwenye nyama, kwa maana unga mkavu ukigusa mafuta ya moto huungua mara moja, mchuzi ukawa mweusi na mchungu.

Sasa unafika mtindi, na hapa ndipo nilipoharibu sufuria mbili mfululizo. Nilikuwa nautoa kwenye friji na kuumimina wote juu ya moto mkali, ukakatika ukawa chengachenga nyeupe zinazoelea kwenye maji. Tangu hapo huacha kikombe kimoja cha mtindi mzito usio na sukari (someni kopo vizuri, kwani mingi ya dukani ina vanila) kikae nje mpaka ubaridi utoke, naupiga uwe laini, napunguza moto kabisa, kisha natia kijiko kimoja kimoja huku mkono wa pili haupumziki kukoroga. Endelea hivyo mpaka maji yote yakauke na mafuta mekundu yaanze kutoka pembeni mwa nyama. Kwangu hatua hiyo huchukua karibu dakika 20, nami huzima simu.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Tia vijiko vya chai 3 vya shamari, kimoja na nusu cha tangawizi, chumvi, na maji ya moto yanayokaribia kufunika nyama, kisha funika na uache moto mdogo kabisa. Mbuzi huhitaji saa 2 hadi 2 na nusu, kwa sababu ile mishipa migumu inayoshikilia nyama kwenye mfupa hulainika taratibu na kuupa mchuzi uzito wake. Sufuria ya presha humaliza kwa muda mfupi zaidi, lakini nyama huchambuka nyuzinyuzi na mchuzi hubaki mwepesi. Imeiva pale nyama inapoachia mfupa kwa kusukumwa na mwiko tu.

Ule na wali mweupe mtupu. Pilau italeta viungo vya kushindana. Kikibaki cha kesho, yale mafuta mekundu yaliyotanda juu msiyaengue, kwani neno roghan kwa Kiajemi maana yake ni hayohayo mafuta.