Uliza Wapigapicha: Picha isiyo na maelezo haimshtaki mtu

Barua za safari hii zimetoka Moshi na Arusha, na karibu zote zinazunguka jambo moja: picha ya mtaani inafikaje kuwa ushahidi, au historia?

Karibu na kwetu kuna machimbo ya kokoto na watoto wanaponda mawe kutwa nzima. Nimewapiga picha kwa simu, ila sitaki ziishie kwenye magrupu. Nifanyeje? (Msomaji, Pasua, Moshi)

Ugumu wa picha hizo ni kwamba kosa lenyewe halionekani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na kazi za hatari kama za machimboni inazikataza kwa yeyote ambaye hajafikisha 18. Kwa hiyo shtaka linasimama juu ya umri, na umri haupigiki picha. Msimamizi atasema kijana ana miaka 19, amedumaa tu, na picha yako haitakuwa na la kumjibu.

Lewis Hine aliukabili ugumu huo huo Marekani kuanzia 1908, alipoajiriwa na Kamati ya Taifa ya Ajira ya Watoto kupiga picha viwandani na migodini. Alishapima vifungo vya koti lake viko juu kiasi gani kutoka chini, hivyo akisimama kando ya mtoto alijua kimo chake bila kutoa futi. Aliandika umri, kazi, saa za kazi, na jina alipoweza kulipata. Picha zake ni nzuri, lakini kilichowabana wenye viwanda ni yale maandishi.

Nawe fanya hivyo. Tukio moja lipige kwa umbali wa aina tatu: eneo zima likiwa na alama inayotambulika (barabara, nguzo ya umeme yenye namba, mlima), kisha mtu akiwa kazini, kisha mikono, nyundo na rundo la kokoto. Katika moja ya picha hizo iingie ndoo ya lita 20. Ukiwa nyumbani pima kimo cha ndoo ya aina ile ile, utakuwa na kipimo cha kila kilicho kando yake. Siku hiyo hiyo, kabla ya kulala, andika tarehe, siku ya juma, saa, mtaa, kazi inayofanywa, malipo kwa ndoo, na umri pamoja na aliyekutajia: mtoto mwenyewe, mama yake, au mwalimu. Andika pia kama shule zilikuwa wazi. Picha ya Jumanne saa nne asubuhi ina uzito katikati ya muhula. Ikiwa ya likizo ya Juni, haithibitishi utoro hata kidogo.

Nyuso za watoto usizionyeshe. Wewe utaondoka, wao kesho watarudi pale pale. Ule mstari mweusi machoni hausaidii, kwa sababu mtaani mtu hutambulika kwa sweta, kovu, hata kwa ndala. Piga kutoka nyuma, au mikono peke yake. Omba ridhaa ya mzazi au mlezi, na ya mtoto pia, na uwaambie wazi picha inapelekwa wapi. Usitoe hela: siku ya siku itasemwa kwamba watoto walilipwa waigize. Ukishakamilisha, nenda kwa afisa ustawi wa jamii au afisa kazi, na ukiona mtoto yuko hatarini wakati huo huo piga 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto.

Nilimrushia mwandishi wa habari picha za mto uliochafuliwa kwa WhatsApp, akasema hazimfai. Kwa nini? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Kwa sababu ulichomtumia ni kivuli cha picha. WhatsApp huibana picha ikawa ndogo, na huondoa taarifa zilizomo ndani ya faili: tarehe, saa, aina ya simu, mahali. Itume kama dokumenti, si kama picha, na faili litafika kama lilivyo. Faili la asili usiliguse kabisa: usikate, usizungushe, usiweke urembo. Fanya nakala, uhariri hiyo. Weka nakala tatu, katika vifaa vya aina mbili tofauti, moja ikae nje ya nyumba yako. Simu huibwa.

Saa ya kamera nayo hudanganya. Kila unapoanza kazi, picha ya kwanza iwe ya kioo cha simu kinachoonyesha saa ya mtandao. Kamera ikiwa imechelewa, tofauti itajulikana. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaikubali picha ya kidijitali kuwa ushahidi, ila mahakama hupima ilivyotengenezwa, ilivyotunzwa, na kama haikuchezewa. Tahadhari moja: taarifa za mahali zinaweza kumwongoza mtu hadi mlangoni kwa aliyekusaidia. Nakala ya kusambaza ziondolewe, ya kutunza ziachwe.

Hivi picha imewahi kubadilisha kitu kweli? (Msomaji, Ngarenaro, Arusha)

Imewahi, ila taratibu, na haikuwa peke yake. Mwaka 1904 mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha Nsala, baba wa Kongo aliyekaa akitazama mkono na mguu wa binti yake, vilivyokatwa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha zake zilionyeshwa kwa taa ya slaidi kwenye mikutano ya hadhara, zikiambatana na ushuhuda, na 1908 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alinyang'anywa Kongo, ingawa ukoloni haukuisha. Hine naye aliona sheria ya ajira ya watoto ikipitishwa 1916, ikafutwa na Mahakama ya Juu ya Marekani 1918, hadi nyingine ikasimama 1938. Hiyo ni miaka thelathini tangu aanze.

Na kuna upande tusioupenda. Mpigapicha Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja kambini California, 1936, bila kuuliza jina lake. Chakula kikapelekwa kambini, lakini mama huyo alishaondoka. Dunia ilikuja kumjua kuwa ni Florence Owens Thompson mwaka 1978, naye hakuwa na furaha na picha ile. Kwa maoni yetu, aliyepigwa picha apewe nakala ya karatasi kabla gazeti halijaipata.

Babu ameacha sanduku la picha za enzi za ushirika wa kahawa. Nyingine zimegandana na kioo. (Msomaji, Kibosho)

Zilizogandana usizibandue, utaondoka na nyuso za watu. Zipige picha humo humo kwenye kioo, kando ya dirisha lisilopigwa na jua, bila flashi, kamera ikiwa sambamba na picha. Nyingine ondoa pini zenye kutu na mipira ya kufungia, kisha skani kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Negativu za milimita 35 zinahitaji 3000 hivi. Nyuma andika kwa penseli laini, ukingoni, kwa mkono mwepesi. Wino wa kalamu hupenya.

Kabla ya kuwauliza wazee, soma picha yenyewe. Kibao cha KNCU, ule ushirika wa kahawa wa Kilimanjaro, kinakwambia si ya kabla ya 1933. Bendera inatenganisha kabla na baada ya Desemba 1961, kisha 1964. Na usikimbilie kukata mandhari ya nyuma: Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ikionekana vizuri, una kumbukumbu ya barafu, ambayo eneo lake lilipungua kwa takriban asilimia 85 kati ya 1912 na 2007. Rudi mahali pale pale, mwezi ule ule. Utajua umesimama penyewe pale kitu cha karibu, tuseme kona ya ghala, kinapokutana na kilele kama kwenye picha ya zamani. Ukisogea hatua mbili tu vinaachana.

Nilimkosa mpagazi aliyezidishiwa mzigo getini. Naweza kumwomba aubebe tena? (Msomaji, Marangu)

Hapana. Ukimrudisha, umetunga. Tena mgongo uliopinda hauonyeshi kilo. Kikomo cha mzigo wa mpagazi Kilimanjaro ni kilo 20, kwa hiyo unachohitaji ni mzigo ukiwa kwenye mizani, namba ikisomeka, na mzigo huo huo mgongoni katika picha inayofuata, utambulike kwa rangi ya kamba au kiraka. Usizime simu katikati ya picha hizo mbili.