NFL hawanunui mchezaji: anavyopatikana, anavyopimwa na anavyolipwa

Wakuu, mleta mada kauliza mambo matatu: mbona hatusikii klabu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, imenunua mchezaji kwa mamilioni kama Ulaya, hao maskauti (wasaka vipaji wa klabu) wanaangalia nini hasa, na kama ni kweli Patrick Mahomes, nyota wa Kansas City, alipewa dola milioni 450. Mwishoni akagusia mdogo wake anayecheza raga Nairobi. Nilisoma Marekani, chuo cha kawaida cha jimbo, na kazi iliyonipa hela ya kula ilikuwa kitengo cha video cha timu ya futiboli ya chuo. Tulirekodi mazoezi na mechi, tukawakatia makocha vipande, na maskauti wa NFL walipokuja sisi ndio tuliowafungulia chumba. Nitajibu kutokana na niliyoyaona pale, na yale ambayo anayeifuatilia ligi ile kwa karibu anayajua.

Ada ya uhamisho haipo. Klabu zote 32 zinagawana sawa kwa sawa pesa za televisheni ya taifa, na tangu 1994 zinabanwa na ukomo wa mishahara unaolingana kwa wote. Mwaka ule wa kwanza ukomo ulikuwa dola milioni 34.6, mwaka 2025 ulifika milioni 279.2. Tajiri hata awe na pesa kiasi gani, hawezi kuwafunika wenzake kwa usajili. Kwa hiyo klabu zikitaka kubadilishana wachezaji, zinalipana kwa kitu kingine, yaani nafasi za drafti, zamu za kuchagua vijana wapya kutoka vyuoni.

Drafti inafanyika kila Aprili, raundi saba. Timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita ndiyo inayochagua kwanza, bingwa anachagua mwisho wa foleni. Kijana haruhusiwi kuingia mpaka ipite miaka mitatu tangu amalize sekondari, ndiyo maana vyuo vinafanya kazi ya akademi, na NFL haivilipi chochote kwa malezi hayo. Wabongo tuliuona mfumo wa aina hii mwaka 2009 kule NBA, Hasheem Thabeet alipochukuliwa wa pili na Memphis. Kijana hachagui klabu. Anachaguliwa, na klabu iliyomchagua ndiyo yenye haki naye.

Mfano mzuri wa kubadilishana ni wa Russell Wilson, aliyekuwa nyota wa Seattle. Machi 2022 Denver walimtaka kwa udi na uvumba. Seattle wakamtoa, nao wakapokea wachezaji watatu, nafasi mbili za raundi ya kwanza, mbili za raundi ya pili na moja ya tano. Kwa nafasi zile za raundi ya kwanza Seattle wakawachukua Charles Cross mwaka 2022 na Devon Witherspoon mwaka 2023. Mshikeni huyu Wilson, nitamrudia kwenye pesa.

Sasa maskauti. Skauti alikuwa anafika asubuhi na mapema, anachukua rimoti, anazima taa. Tuliwapa picha za kamera mbili: moja iko juu pembeni, inayowaonyesha wachezaji wote 22, nyingine iko nyuma ya goli. Picha za televisheni hawakuzitaka kabisa, kwa sababu televisheni inaufuata mpira. Kuna mzee mmoja alimkazia macho beki wetu kwenye mchezo ambao mpira ulikwenda upande wa pili kabisa wa uwanja. Akarudisha, akarudisha tena, akaandika. Nikamuuliza anatafuta nini. Akaniambia anaangalia kijana anafanya nini sekunde ambayo kazi yake imekwisha: anasimama, au anaendelea kukimbia kuusaka mpira? Alipomaliza video hakuenda kwa kocha mkuu. Alikwenda stoo ya vifaa kumuuliza jamaa anayefua jezi, kisha chumba cha matibabu: dogo anawahi? Akiumia anasema ukweli au anaficha? Anawatendeaje wale wasiocheza? Kocha mkuu alimwacha mwisho, kwa sababu kocha anataka vijana wake wachukuliwe, atawasifu tu.

Machi kunakuwa na siku ya maskauti hapo hapo chuoni. Kijana anapimwa urefu miguu peku, anapimwa uzito, urefu wa mikono, hata kiganja, kutoka ncha ya dole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Kiganja kina uzito wake kwa kwotabeki, yule anayepanga mashambulizi na kurusha pasi, kwa sababu mpira ukilowa mvua na baridi kiganja kidogo huuponyoka. Lakini Joe Burrow alipimwa inchi 9 mwaka 2020, watu wakanong'ona sana, na Cincinnati bado wakamchukua wa kwanza kabisa. Kisha zinakuja mbio za yadi 40, yaani mita 36.6. Maskauti wanajipanga mstari pale mwisho, kila mmoja na saa yake mkononi, na kila mmoja anaandika muda wake. Mbio moja, majibu sita tofauti.

Wale wanaotajwa sana, zaidi ya 300, wanaitwa Indianapolis kwenye kombaini, yaani vipimo vya pamoja mbele ya klabu zote, inayofanyika huko tangu 1987. Kule kuna mbio, kuruka, kunyanyua chuma cha pauni 225 (kilo 102), na mahojiano ya usiku na klabu. Xavier Worthy alikimbia sekunde 4.21 mwaka 2024, rekodi ya kombaini. Tom Brady alikimbia 5.28 mwaka 2000, akachukuliwa wa 199, na baadaye akawa kwotabeki ambaye wengi wanamwita bora wa historia. Binafsi naona mbio zinapewa uzito kuliko zinavyostahili. Kinachozisafirisha klabu zote kwenda Indianapolis ni madaktari. Kila klabu inapata nafasi ya kushika goti na bega la kijana na kuona picha zake za hospitali, na ripoti ya daktari inaweza kubadilisha historia ya klabu. Mwaka 2006 kwotabeki Drew Brees alikuwa mchezaji huru, bega limefanyiwa upasuaji. Madaktari wa Miami wakaliogopa, New Orleans wakamchukua, na msimu wa 2009 akawapa ubingwa.

Tuje kwenye pesa, na hapa ndipo wengi mnapopotea. Mkataba wa NFL una tarakimu mbili: ile ya magazetini, na pesa ya uhakika, ambayo klabu italipa hata ikimwacha. Isome hiyo ya pili. Mikataba mingi klabu inaweza kuivunja wakati wowote, na mshahara wa miaka iliyobaki unafutika kama hakuna kifungu kinachoulinda. Mahomes mwaka 2020 aliongezewa miaka 10 kwa dola milioni 450, ni kweli. Lakini siku anasaini, za uhakika asilimia mia zilikuwa kama milioni 63. Zilizolindwa endapo angeumia zilifika milioni 141. Zilizobaki zimepangwa kugeuka za uhakika mwaka baada ya mwaka, kila Machi, kadiri klabu inavyoendelea kumhitaji. Kwa Mahomes hakuna wasiwasi. Kwa beki wa miaka 29 anayetangazwa kupata mkataba wa miaka minne, mara nyingi ujue ni wa miaka miwili, iliyobaki ni mapambo.

Rudi kwa Wilson. Septemba 2022, kabla hajaichezea Denver hata mechi moja ya ligi, walimwongezea miaka mitano ya takriban dola milioni 245, ambayo ingeanza 2024. Machi 2024 wakamwacha. Ule mkataba mpya haukufika hata msimu wake wa kwanza. Pittsburgh wakamchukua kwa kima cha chini cha mkongwe, dola milioni 1.21, na Denver wakabaki wanamlipa salio la zile milioni 39 za uhakika za mwaka huo. Kwenye vitabu vyao vya ukomo wakabeba dola milioni 85 za mtu asiyekuwepo, wakazigawa kwa misimu miwili.

Hizo 85 zinatokea wapi? Ukiondoa zile 39 za uhakika, nyingi ni pesa ya kusaini. Mchezaji anapewa, tuseme, dola milioni 25 siku ya kusaini mkataba wa miaka mitano. Zinaingia benki, ni zake. Ila kwenye hesabu za ukomo klabu inaruhusiwa kuzigawa kwa miaka, isizidi mitano, hivyo kila mwaka inahesabiwa milioni 5. Wakimwacha baada ya miaka miwili, zile 15 ambazo hazijahesabiwa zinawaangukia kwa pamoja. Klabu ni kama mtu anayekopa dukani kwa mangi mpaka mwisho wa mwezi: anakula vizuri leo, lakini daftari linamsubiri. Kila ukisikia klabu "imetengeneza nafasi" kwenye ukomo, mara nyingi imegeuza mshahara wa nyota wake kuwa pesa ya kusaini na kuusogeza mzigo mbele.

Ndiyo maana kijana mzuri na wa bei rahisi ni dhahabu. Mwaka 2010 Sam Bradford, wa kwanza kwenye drafti, alisaini miaka sita kwa dola milioni 78. Mwaka 2011 wakaja na makubaliano mapya ya malipo ya wachezaji wapya, na Cam Newton, naye wa kwanza, akapata miaka minne kwa milioni 22. Angalia alichovuna San Francisco kwa Brock Purdy: wa 262 mwaka 2022, wa mwisho kabisa. Msimu wa 2023 mshahara wake ulikuwa dola 870,000 na akawafikisha Super Bowl, fainali ya ubingwa. Pesa walizookoa kwake zikawalipa nyota wengine. Sheria inazuia kuongeza mkataba wa namna hiyo kabla ya misimu mitatu kuisha, kwa hiyo alisubiri mpaka 2025, akapata miaka mitano kwa milioni 265. Naona sheria hiyo inawaonea vijana waziwazi, maana wengi miili inakwisha kabla zamu yao haijafika.

Hata mkataba wa kwanza ukiisha, klabu inaweza kumzuia mchezaji mmoja kwa mwaka zaidi, kwa mshahara unaokokotolewa kutokana na malipo makubwa matano ya nafasi yake. Kirk Cousins alizuiwa hivyo 2016 na 2017. Alipotoka 2018, Minnesota wakampa miaka mitatu, milioni 84, zote za uhakika.

Sasa wale ambao hamuwasikii. Drafti ikiisha, simu zinaanza dakika ile ile kwa vijana ambao hawakuchaguliwa. Mchezaji mmoja wa chuo chetu alipigiwa na klabu tatu. Wakala wake hakuuliza nani anatoa zaidi, kwa sababu tofauti ilikuwa ndogo mno. Alifungua orodha za vikosi akahesabu kila klabu ina watu wangapi kwenye nafasi ya kijana na mikataba yao inaisha lini. Akachagua yenye wachache. Kambi inaanza na watu 90, mwisho wa Agosti wanabaki 53, maana yake ligi nzima inawaacha zaidi ya elfu moja kwa wakati mmoja. Kijana akaambiwa kocha anamwita, aje na kile kishikwambi chenye mafunzo ya timu. Kuambiwa uje na kishikwambi ndiyo barua ya kuachwa yenyewe. Klabu nyingine zilikuwa na saa 24 za kusema zinamtaka, hakuna iliyosema, akarudishwa kwenye kikosi cha mazoezi cha watu 16. Kule malipo ni ya wiki, dola 13,000 mwaka 2025, na wanaweza kukuacha Jumanne yoyote.

Kuhusu mdogo wako: njia ipo, ila ni nyembamba. Daniel Adongo wa Kenya aliyecheza raga Afrika Kusini na New Zealand alisainiwa na Indianapolis mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mchezo ule, na Desemba hiyo akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Jordan Mailata naye alitoka kwenye raga ya Australia, akapita mpango wa wachezaji wa kimataifa ulioanza 2017, akachukuliwa wa 233 na Philadelphia mwaka 2018, na mwaka 2024 akasaini miaka mitatu kwa milioni 66. Tangu 2024 kila klabu inaruhusiwa mtu wa 17 kwenye kikosi cha mazoezi akiwa wa kimataifa. NFL ilishafanya kambi Nairobi mwaka 2023, chini ya Osi Umenyiora, mchezaji wa zamani wa NFL. Mwambie arekodiwe mechi nzima, kamera iwe juu na ionyeshe uwanja wote. Vipande vya kufunga tu, skauti atavifunga kabla havijafika katikati.