Hita inadondosha maji kila ikiwashwa: tuizibe?

SWALI: Hita yetu ya umeme ni ya lita 100. Kwa miaka mitatu ilipata maji kutoka tangi la juu bila tatizo. Mwezi uliopita tulifunga pampu ya kuongeza presha, na tangu hapo valvu ya usalama inadondosha maji kila tukiwasha hita, ikipoa, inaacha. Fundi anashauri tuizibe kwa plagi. Je, ni sawa?
Msomaji, Arusha

JIBU: Msiizibe hata kwa siku moja. Valvu hiyo si mbovu, iko kazini.

Maji yakipata moto hutanuka. Lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huzaa ziada ya lita 1.5 hivi. Zamani ziada hiyo ilipanda kimyakimya hadi kwenye tangi kupitia bomba lile lile la maji baridi. Pampu imekuja na valvu ya kuzuia maji kurudi, njia ikafungwa. Na kwa kuwa maji hayashindiliki, presha hupanda upesi mpaka valvu ya usalama ifunguke. Mkiiziba, kitakachoachia ni maungio ya bomba au tangi la hita lenyewe. Na siku kidhibiti joto kikikwama, hita inaweza kulipuka.

Kingeni ndoo tangu hita ikiwa baridi hadi ijizime. Lita moja na nusu au pungufu ni kutanuka tu. Yakidondoka usiku kucha hita ikiwa imezimwa, ni chokaa kwenye valvu au presha ya pampu imezidi. Ukitoka mvuke, kateni umeme mara moja.

Dawa yake ni tungi la presha la lita 8: ndani yake mpira hutenga maji na upepo, na upepo hubonyea kupisha maji ya ziada. Mpira uwe unaofaa maji ya kunywa. Lifungwe kwenye bomba la maji baridi kati ya pampu na hita. Pasiwe na koki kati yake na hita.

Wengi hukosea kwenye upepo wa tungi. Someni geji ya presha ya maji pampu ikiwa imesimama na koki zote zimefungwa. Tuseme inasoma baa 3 (baa ni kipimo cha presha). Zimeni hita ipoe, fungeni maji, fungueni koki ya bafuni presha iishe, ndipo mjaze tungi upepo hadi baa 3, yaani psi 44 kwenye geji ya tairi. Mkipima maji yakiwa bado na presha, geji itasoma presha ya maji, si upepo mliojaza.

Pimeni upepo tena kila miezi 6. Mkibonyeza kipini cha upepo kikatema maji, mpira umepasuka, badilisheni tungi.